Barua ya wazi: Moto tunauhesabu, moshi nani anausoma?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia misitu, mazingira, hali ya hewa na afya,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine nawasalimu kwa heshima zote.

Ombi langu ni moja na nalitaja mapema ili msilitafute. Kila alasiri ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, pawepo mtumishi wa umma anayeketi mbele ya picha za satelaiti, achore moshi wa mioto ya misitu na mbuga umefika wapi na unaelekea wapi, na taarifa yake isomwe redioni kwa Kiswahili chepesi kabla watu hawajafunga milango kulala. Mengine yote humu ni maelezo ya kwa nini jambo hilo halihitaji satelaiti mpya, wala jengo, wala mkopo.

Mimi ni mfugaji nyuki wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora. Nchi yetu huku ni miombo: myombo, mtundu, mninga, na chini yake nyasi zinazofika kifuani mvua zikiwa nzuri. Nyasi hizo zikikauka zinaungua. Zimeungua tangu enzi za mababu na zitaendelea kuungua, kwa hiyo mtu asidhani naandika kuomba moto upigwe marufuku. Mkulima anachoma asafishe shamba, mfugaji anachoma apate majani mabichi, mwindaji anachoma aone mbali, na sisi warina asali tunatajwa pia, tena kwa haki, maana mwenge ukiachwa chini ya mti mwezi Agosti haujizimi wenyewe. Makadirio yaliyotokana na picha za satelaiti yanaonyesha kwamba kila mwaka moto hupita juu ya zaidi ya asilimia 10 ya ardhi ya Tanzania. Katika eneo lote linaloungua duniani kwa mwaka, karibu asilimia 70 liko Afrika. Anayeishi Tabora au Katavi hana haja na takwimu hizo. Mwezi wa nane jua linageuka jekundu likiwa bado juu ya miti, na kilima ulichokuwa unakiona Mei hukioni tena mpaka mvua zianze.

Moto wenyewe unahesabiwa, hilo nalikubali. Satelaiti ya Terra ilirushwa 1999, Aqua ikafuata 2002, na zote mbili zina chombo kiitwacho MODIS kinachohisi joto la ardhi. Pakiwa na moto, kinaweka alama kwenye kipande cha ardhi chenye upana wa kilomita moja. Hizo mbili sasa ni vikongwe vilivyoishiwa mafuta ya kujirekebisha njia, lakini zimepata warithi: chombo cha VIIRS kiko kwenye Suomi NPP ya 2011, NOAA-20 ya 2017 na NOAA-21 ya 2022, na vipande vyake ni vya mita 375. NASA, shirika la anga la Marekani, inaziweka alama hizo wazi kwenye mfumo wa FIRMS ndani ya saa chache, bure, na hata mimi nazifungua kwa simu palipo na mtandao. Afrika Kusini wamekuwa na mfumo wao, AFIS, kwa takriban miaka ishirini, ulioanza kwa kulinda nyaya za umeme zisiharibiwe na moto wa nyasi. Sisi nasi ramani za nukta nyekundu tunazo. Zinapendeza kwenye taarifa za mwaka.

Tatizo ni kwamba nukta nyekundu inakwambia nyasi zinaungua wapi, na watu wengi wanaoumia hawapo hapo. Moto wa Agosti unaowashwa saa tano asubuhi kwenye pori lisilo na hata kibanda kimoja unaweza kuzimika wenyewe jioni kwenye ukingo wa mto mkavu. Nukta inafutika na taarifa inafungwa. Moshi wake umeshasafiri kilomita nyingi kufuata upepo, umeshuka usiku kwenye bonde lenye vijiji vitatu, na asubuhi zahanati imejaa watoto wanaokohoa. Hakuna ramani iliyounganisha pori lile na zahanati ile. Mganga anaandika nimonia au pumu, afisa misitu anaandika hekta, na kila mmoja kaandika ukweli wake.

Nimewahi kuuliza katika ofisi kadhaa, sitazitaja, moshi huu ni wa nani. Wa misitu aliniambia yeye anashughulika na moto. Wa mazingira akasema labda ni suala la hali ya hewa. Mwingine akanishauri nivae barakoa. Sikukasirika, kwa sababu kila mmoja alikuwa akisema sawasawa na majukumu yaliyoandikwa kwenye barua yake ya ajira. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima kuhusu moto: nani anaruhusiwa kuwasha, nani atoe kibali, nani awaite watu kuzima. Ukishaacha ardhi na kupanda angani, moto huo unabaki yatima.

Niruhusuni nieleze kidogo jinsi moshi unavyosomwa, maana nimegundua wengi wanadhani ni elimu ya wachache waliosoma Ulaya. Sivyo. Fungua picha ya rangi halisi ya mchana, ya VIIRS au MODIS. Wingu ni jeupe, lina kingo, na mara nyingi linaangusha kivuli. Moshi una rangi ya kijivu inayoingia ubuluu, na ukizeeka unakuwa wa kahawia. Unaanzia mahali pembamba penye nukta ya moto, kisha unatanuka kadiri unavyosafiri, na mkondo wake wote umelala upande mmoja, ule upepo unakokwenda. Juu ya ziwa au msitu wa kijani unaonekana waziwazi. Juu ya ardhi kavu inayong'aa, kama ilivyo kwetu Septemba, unajificha, na hapo ndipo panapohitaji jicho lililozoea.

Kuna njia nzuri ya kumvua nguo mjifichaji huyo. Satelaiti hizi zinapiga picha pia kwa mawimbi ya infraredi ambayo macho yetu hayayaoni, na baadhi ya mawimbi hayo ni marefu kuliko chembe za moshi. Yanapita katikati yake kana kwamba hakuna kitu. Ukiiweka picha hiyo kando ya ile ya rangi halisi, mawingu yanabaki pote pawili, lakini moshi unatoweka kwenye moja, na chini yake linatokea kovu jeusi la eneo lililoungua na mstari mwekundu wa moto unaoendelea. Kilichopo huku na kisichopo kule ndicho moshi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kufundishwa hili wiki moja. Nimewaonyesha vijana wa kikundi chetu, na kuna binti mmoja sasa anaubaini mkondo wa moshi haraka kuliko mimi.

Picha za mara moja kwa siku, hata hivyo, zinakuonyesha moshi umesimama. Ukitaka kuuona ukitembea unahitaji satelaiti isiyozunguka kutupita, ile inayokaa juu ya sehemu moja ya Ikweta. Tunazo, na tena zimetukaribia. Meteosat-9 ya shirika la Ulaya la EUMETSAT imewekwa juu ya Bahari ya Hindi, longitudo 45.5 mashariki, tangu 2022, na inapiga picha kila baada ya dakika 15. Meteosat-12, ambayo ni ya kizazi kipya, iko juu ya Ghuba ya Guinea na inapiga kila dakika 10. Ukizipanga picha za mchana mmoja unaona moshi ukizaliwa saa tano, ukinyanyuka saa saba, ukijiunga na wa jirani saa tisa, na kufikia saa kumi na moja jioni hujui tena upi ulitoka Kigoma na upi ulitoka Katavi. Na picha hizi si za kuombwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa PUMA ulifunga vituo vya kupokea picha za Meteosat katika huduma za hali ya hewa za karibu nchi zote za Afrika, na miradi iliyofuata imeendelea kuvihuisha. Dishi lipo. Picha zinaingia usiku na mchana, na kazi yake kubwa ni mawingu ya mvua.

Utabiri nao upo. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, kinachoendesha huduma ya CAMS ya kufuatilia hewa chini ya mpango wa Copernicus, kinatoa mara mbili kila siku utabiri wa hewa ya dunia nzima kwa siku tano mbele, moshi wa mioto ukiwemo, na hakidai hata senti. Satelaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa 2017, inapima gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hukaa angani wiki nyingi, kwa hiyo hata chembe za moshi zikishatawanyika bado unaweza kufuata njia uliyopita. Kwa maneno mengine, tumewekewa chakula mezani na tunalala na njaa kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kupakua.

Marekani wana meza ya aina hii ninayoisema. Idara yao ya bahari na anga, NOAA, ina wachambuzi ambao kila siku huangalia picha za satelaiti na kuchora kwa mkono mipaka ya moshi, wakiugawa katika madaraja matatu: mwepesi, wa kati na mzito. Juni 2023 moshi wa misitu ya Quebec, Kanada, uliposhuka hadi New York na anga la jiji likawa la rangi ya chungwa, michoro hiyo ilikuwa ikitoka siku zote. Madaraja matatu. Nalipenda hilo kwa sababu linatangazika. Mtangazaji wa redio ya wilaya hawezi kusoma mikrogramu kwa mita ya ujazo, lakini anaweza kusema: leo usiku moshi mzito unatarajiwa Mlele na Sikonge, mwepesi Urambo, wenye pumu na watoto wachanga walale ndani madirisha yakiwa yamefungwa, na shule zihamishe mazoezi ya asubuhi yafanyike mchana.

Kwa nini mchana? Hapa nataka tusidanganyane kuhusu uwezo wa satelaiti, kwa sababu wataalamu mtakaoisoma barua hii mnajua mapungufu yake na mnaweza kuyatumia kuitupa kapuni. Satelaiti hizi za VIIRS zinatupita karibu saa saba na nusu mchana, na tena saa saba na nusu usiku. Usiku zinaona moto kwa joto lake, ila moshi hauonekani kirahisi gizani. Na kwetu saa mbaya ni alfajiri. Usiku wa kiangazi ardhi inapoa upesi, hewa baridi inateremka mabondeni na kwenye mbuga, na hewa yenye joto zaidi inakaa juu yake. Moshi unanaswa hapo chini mpaka jua lipande, ardhi ipate joto na hewa ianze kuchanganyika. Kwa hiyo mtoto anayekwenda shule saa kumi na mbili anavuta hewa ambayo picha ya jana mchana haikuiona na ya leo mchana itaikuta imeshatawanyika.

Lingine ni kimo. Satelaiti inaangalia kutoka juu na kujumlisha moshi wote ulio kati yake na ardhi. Haikwambii kama umeelea kilomita nne angani, ambako hauwadhuru wanakijiji, au umekaa kwenye paa la nyumba. Kupima kimo kunahitaji chombo kinachotuma miali ya leza na kusikiliza mwangwi wake. Satelaiti ya CALIPSO ilifanya kazi hiyo tangu 2006 mpaka ilipostaafishwa 2023, na EarthCARE iliyorushwa Mei 2024 imeipokea, lakini inapima mstari mwembamba tu chini ya njia yake. Isipopita juu yako, huna habari.

Halafu kuna mioto midogo. Watafiti walipopitia picha za satelaiti za Sentinel-2 za mwaka 2016 kwa Afrika yote ya kusini mwa Sahara, wakitumia vipande vya mita 20, walikuta eneo lililoungua ni kama kilomita za mraba milioni 4.9, zaidi ya mara tano ya Tanzania nzima, na lilizidi hesabu ya MODIS kwa asilimia 80. Yaani karibu nusu ya tatizo ilikuwa ikipita chini ya jicho lililokuwa likitegemewa. Viraka vya shamba la ekari mbili havitoi nukta, lakini mamia yake kwa siku moja yanatoa moshi, na huo moshi kwa pamoja unaonekana. Hii kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuutazama moshi wenyewe badala ya kutegemea nukta: moshi unajumlisha kile ambacho nukta zimekiacha.

Dawa ya mapungufu hayo ni vipimo vichache vya ardhini vya kuisahihisha picha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake: chembe laini za PM2.5, zile ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu, zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa siku. Huku kwetu hakuna ubishi kama tunazidi, maana hakuna kipimo cha kubishania. Jirani zetu wa Makerere, kupitia mradi wa AirQo, wametengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto la Afrika na kuvifunga katika miji kadhaa ya bara hili. Sisemi tununue mia. Kimoja Tabora mjini, kimoja Mpanda, kimoja Sumbawanga, kimoja Songea, kwenye kuta za hospitali, palipo na umeme na mlinzi. Dar es Salaam nako kuna uchafuzi wake, lakini mikutano ya hewa safi inafanyikia huko, na vipimo vina tabia ya kupenda kukaa karibu na mikutano.

Nawapongeza kwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Umeutambua moshi wa jikoni kuwa ni muuaji, na lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi si la mchezo. Sasa fikirini mama wa Kitunda au Inyonga aliyepata mtungi wa gesi. Jiko lake halitoi moshi tena. Agosti inafika, anafungua dirisha asubuhi apate hewa, na kinachoingia ni kilekile alichokuwa amekifukuza jikoni.

Kuna jambo naliogopa, na heri niliseme kabla halijatokea. Mkishaanza kuzitazama picha hizi kila siku, atatokea mtu mwenye cheo atakayesema: vizuri, sasa tuwakamate. Nawasihi msianzie hapo. Satelaiti haijui nani kawasha. Inaona joto kwenye kipande cha mita 375, na ndani ya kipande hicho kunaweza kuwa na mashamba ya watu kadhaa pamoja na njia ya mifugo inayotumiwa na vijiji viwili. Tena watu wetu si wajinga. Wakijua kuwa nukta imempeleka mtu mahakamani, watazijifunza saa za satelaiti kama walivyozijua saa za doria, na watawasha saa tisa alasiri ikiwa imeshapita. Moto wa saa tisa ni mbaya kuliko wa saa tano, kwa sababu unaingia usiku ukiwa hai, na moshi wake wote unabaki bondeni. Mtakuwa mmeunda sheria inayoongeza vikohozi.

Itumieni picha kupanga muda. Wataalamu wenu wa misitu wanahimiza uchomaji wa mapema, Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto uende polepole na usipande kwenye miti. Nakubaliana nao kwa sababu ya nyuki. Moto wa Septemba unaunguza mizinga, unachoma maua, na koloni zilizobaki zinahama. Lakini nyasi mbichimbichi zikichomwa, kila kilo moja inatoa moshi mwingi kuliko nyasi kavu. Siku na saa ya kuchoma vina uzito basi. Ukichoma kabla ya adhuhuri siku yenye upepo wa wastani, moshi unapanda juu na kuondoka. Ukichoma jioni ya siku tulivu umewachomea jirani zako vitanda. Mtu yuleyule anayechora moshi alasiri anaweza kusema pia: kesho hewa itatulia mno kanda ya magharibi, wenye vibali wasubiri keshokutwa. Mtendaji wa kijiji akipata ujumbe huo kwenye simu saa moja jioni, anaweza kuutangaza. Leo anatoa kibali kwa kuangalia kalenda.

Mwezi Oktoba 2020, moto ulipozuka Kilimanjaro eneo la Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, picha za satelaiti zilizunguka dunia. Kila mtu aliuona moshi ukitoka mlimani, na watu wa kila aina walipanda kuuzima. Ilistahili. Lakini eneo kubwa mara nyingi kuliko lile huungua magharibi na kusini mwa nchi kila mwaka bila picha hata moja kufunguliwa ofisini, na sidhani mapafu ya watoto wa Mlele yanangoja wapate mlima mrefu ndipo yahesabiwe.

Tena moshi huu hautuhusu sisi peke yetu. Miezi ya kiangazi upepo huku bara unavuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na moshi wetu unavuka kwenda Burundi, Rwanda na Kongo bila kugonga muhuri wa pasipoti. Kwenye kituo cha kupima hewa cha Mlima Mugogo, kaskazini mwa Rwanda, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa nchi hiyo na chuo cha MIT cha Marekani, watafiti waliona masizi na gesi ya ozoni vikipanda majira ya kiangazi. Walipofuatilia hewa ilikotoka, Juni hadi Agosti ilielekea kwenye mioto ya upande wa kusini, na Desemba hadi Februari kwenye mioto ya upande wa kaskazini. Kwa hiyo kuna miezi tunawadai na miezi wanatudai. Nchi za Asia ya Kusini-Mashariki zilipitia haya kabla yetu. Kituo chao cha hali ya hewa kilichoko Singapore kilianzishwa 1993, na mwaka 2002 zilitia saini Kuala Lumpur mkataba wa moshi unaovuka mipaka. Indonesia, ambako moshi mwingi ulitoka, iliridhia 2014, miaka kumi na miwili baadaye. Mkataba haukuzima mioto ya ardhi ya mboji ya Sumatra na Kalimantan huko Indonesia, sitaupamba. Ila kila asubuhi watu wa kanda hiyo wanaamka na ramani moja ya moshi ambayo nchi zote zinaitazama, na mabishano yanaanzia kwenye ramani hiyo badala ya kuanzia kwenye hisia. Sisi tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuna SADC, na tuna kituo cha ramani cha RCMRD kule Nairobi kilichoanzishwa 1975, ambacho Tanzania ni mwanachama.

Kuna jambo linalonikera kidogo, na mtanisamehe. Kati ya 2016 na 2018 NASA ilileta ndege zilizosheheni vyombo, kwanza Namibia na kisha São Tomé, kwa utafiti ulioitwa ORACLES. Zilikuwa zinafuata moshi wa mioto ya kusini na kati mwa Afrika unavyotandazika juu ya mawingu ya Bahari ya Atlantiki, na namna unavyobadilisha joto la dunia. Utafiti mzuri, na nimeyasoma matokeo yake kadiri nilivyoweza kuyaelewa. Lakini moshi huo kabla haujafika baharini ulipita juu ya mamilioni ya watu, na dunia inaujua vizuri zaidi ukiwa juu ya samaki.

Nani afanye kazi hii? Mawazo yangu ni haya, nanyi mna uzoefu kunizidi. Meza iwe kwenye mamlaka ya hali ya hewa, kwa sababu dishi na watabiri wako huko na sheria ya mwaka 2019 imewapa nguvu ya kutoa tahadhari. Wakala wa misitu apeleke mtu mmoja anayeyajua mapori kwa majina, maana mtabiri aliyeketi ofisini mbali hawezi kujua kuwa nukta ile iko Ipole na ile iko Ugalla. Wizara ya afya itoe maneno ya ushauri mara moja tu, yaandikwe vizuri, yatumike msimu mzima. Mishahara ya watu hao tayari inalipwa. Kinachotakiwa ni barua moja ya kuwaelekeza, na iwahi kabla ya Juni, kwa sababu ikichelewa hadi bajeti ya mwaka ujao tutakuwa tumevuta kiangazi kingine.

Nasi huku hatutakaa kusubiri tu. Vikundi vya wafugaji nyuki vimetapakaa vijijini na vinaamka mapema kuliko watu wengi. Kila kijiji kina kilima au mnara wa simu unaojulikana umbali wake. Mtu mmoja akituma ujumbe saa kumi na mbili na nusu asubuhi kusema kilima kinaonekana chote, nusu, au hakionekani, mtakuwa na kipimo cha alfajiri ambacho satelaiti haiwezi kuwapa, na watabiri wenu wanajua thamani yake, kwa kuwa upeo wa kuona ni moja ya vitu wanavyoandika kila saa kwenye viwanja vya ndege. Nimeshazungumza na wenzangu wa Sikonge na wako tayari. Tunachohitaji kutoka kwenu ni namba ya kutuma.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji nyuki,
Sikonge, Tabora